Sarafu Juu ya Meza ya Msumeno

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu Msumari,

Salamu nyingi. Mimi mzima, shemeji yako mzima, mgonjwa ni msumeno. Ndiyo, ule ule msumeno wa meza wa Mzee, ambao wewe na yeye mliufunga boliti kwa boliti huku mimi nikiwashikia taa. Unatetemeka. Sisemi unanguruma, kunguruma ni desturi yake tangu zamani, kama mtu anayekoroma. Nasema unatetemeka, na mbao inatoka na mawimbi ubavuni utadhani imetafunwa.

Ijumaa mwenye duka la vitabu alinirudishia kabati. Droo haziingii. Mimi, Rula, nirudishiwe kabati! Watu walinibandika jina hilo kwa sababu ya unyoofu wa kazi yangu, na leo mtu mzima anasimama mlangoni pangu anasukuma droo kwa goti ili nione. Nilimwambia kosa ni la mashine. Akaitikia kwa kichwa, kwa uso ule wa mtu anayemkubalia mtoto.

Nimepima kama Mzee alivyotufundisha. Sarafu yake kuukuu, isiyonunua hata kiberiti siku hizi, bado iko kwenye kopo la misumari. Niliwasha mashine nikaisimamisha kwa ukingo juu ya meza. Ikaanguka. Nikarudia, ikaanguka. Enzi zile ungeisimamisha, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta inakusubiri. Nikaweka na kiganja juu ya meza, nao mtetemo ukapanda mpaka kwenye kiwiko.

Masikio yangu unayajua, mashine zimeyala. Ndiyo maana simu yako sikuipokea, ningekuwa naitikia "eeh, eeh" bila kujua nimekubali nini. Wewe andika. Dereva wa lori la mbao anapakia hapo kiwandani kwenu na huku anapita kila wiki, mpe yeye. Wewe ndiye fundi mitambo wa ukoo. Niambie nianzie wapi, kwa sababu mashine hii ikinifia, mimi kazi nyingine sijui.

Kaka yako,
Rula


Jumamosi, 9 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua imefika na vumbi la mbao mpaka ndani ya bahasha. Kwanza nikuulize: umeandika wewe, au kuku amekanyaga wino akapita juu ya karatasi? Nusu nimesoma, nusu nimekisia. Wewe ndiye ulikuwa ukinichapa kwa ajili ya mwandiko, usisahau.

Haya, tuje kwa mgonjwa. Chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa. Toa diski, ilaze juu ya kioo uone kama imejikunja, kisha tazama meno yake kama kuna lililokatika. Utomvu ukiganda kwenye meno nao huitia diski uzito upande mmoja, basi iloweke kwenye mafuta ya taa, uisugue. Halafu zile wosha mbili kubwa zinazoibana diski: vumbi likiingia hapo, hata jembamba namna gani, diski inakaa upande. Zifute mpaka zing'ae. Ukimaliza, funga diski nyingine kabisa. Mashine ikitulia, jua mgonjwa alikuwa diski.

Ningesema umwachie Shemeji akusaidie kupima, macho mawili si sawa na manne. Lakini najua utanijibu nini: anayekata ndiye anayesimamisha sarafu. Mzee angefufuka! Alikuwa akisema ukiamini sarafu ya mwenzio, utapeleka vidole vyako kwenye diski kwa maneno ya mwenzio.

Na mpaka tujue tatizo, vipande vifupi usipasue. Diski inayotetemeka huirusha mbao nyuma, na wewe si kijana wa kuruka tena.

Mdogo wako,
Msumari


Jumapili, 17 Machi

Msumari,

Uliyoniagiza yote nimefanya, na hali ni ile ile. Diski nimeilaza juu ya kioo, imelala kama mtoto aliyeshiba. Meno yote yapo. Utomvu nimeusugua mpaka nikapata kikohozi cha mafuta ya taa. Wosha nimezifuta, unaweza kujitazamia humo ukanyoa ndevu. Nikafunga diski mpya, ile niliyokuwa naiweka kwa kazi za maana. Nikawasha, nikasimamisha sarafu. Ikaanguka kabla sijaondoa vidole.

Nilitukana, nakiri. Nilimtukana aliyetengeneza, aliyeuza na aliyenunua, kisha nikakumbuka aliyenunua ni Mzee, nikaomba radhi.

Habari ya mwandiko, acha ukorofi. Niliandika karatasi ikiwa juu ya meza ya mashine, na mashine inawaka. Sasa wewe ungeandikaje?

Kingine kidogo. Mbao iliruka wiki hii, kidole gumba kikaguswa na diski. Ukucha tu. Shemeji yako usimwambie kwamba nimekwambia, maana ataandika barua yake mwenyewe, na hiyo hutaimaliza kuisoma. Niambie hatua inayofuata, mdogo wangu. Nikikaa bila kukata najiona kama kiti cha miguu mitatu.

Kaka yako,
Rula


Jumamosi, 23 Machi

Kaka,

Ukucha tu, unasema. Leo ukucha, kesho je? Usinifanyie hivyo.

Kama si diski, tushuke chini. Mkanda wa mota: uvue, uukunje kwa vidole. Ukiona nyufa au umekakamaa sehemu moja, nunua mwingine, mkanda mbovu huchapa puli kila unapozunguka. Tazama puli ya mota na ya chini kama zinaonana sawasawa. Tazama miguu ya mashine. Sakafu yetu ile Mzee aliimwaga kwa haraka, mguu mmoja ukining'inia hata nywele moja, mashine yote inacheza. Tia kabari.

Mwisho beringi. Mashine ikiwa imechomolewa, shika shafti inayobeba diski uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Halafu izungushe kwa mkono, polepole. Ukihisi kama kuna mchanga ndani, umempata mchawi.

Zungusha kwa utulivu, kaka, usikimbilie. Mkono wako ndio kipimo.

Msumari


Ijumaa, 29 Machi

Shemeji,

Hii ni barua yangu, yeye haijui. Ningepiga simu, lakini kwa simu nitalia tu, na karatasi hainikatizi.

Msumeno hauna kitu.

Juzi alikwenda kununua mkanda uliomwagiza. Mimi nilikuwa karakana nikipiga msasa viti. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe katika nyumba hii: nikawasha mashine, nikatoa sarafu kwenye kopo, nikaisimamisha. Ilisimama. Nikarudi kwenye msasa, nikamaliza mguu mzima wa kiti, nikageuka, bado imesimama. Niliizima nikakaa chini kwenye vumbi. Niliiomba ianguke, Shemeji. Nilikuwa tayari kukosa mashine.

Ni mikono yake. Ilianza mwaka jana na mkono wa kulia. Akiwa amekaa tu, kidole gumba na cha shahada vinasuguana kana kwamba anaviringisha punje ya mtama. Tulicheka. Sasa vifungo vya shati namfunga mimi, na yeye anatazama ukutani mpaka nimalize. Chai namtilia nusu kikombe isimwagike, ananiambia siku hizi nimekuwa bahili.

Nilimpeleka hospitali kwa hila, nikamwambia tunakwenda kwa ajili ya masikio. Daktari hata masikio hakuyagusa. Alimtembeza chumbani, akamwambia afumbe na kufumbua vidole, kisha akatuambia sote wawili: huu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, dawa zitautuliza, lakini haurudi nyuma. Kaka yako akasema, "Sisikii." Daktari akarudia kwa sauti. "Sisikii." Njiani akaniuliza kama masikio yatapona. Na huyo huyo nikinong'ona jikoni kwamba chakula tayari, amefika! Sikio la kufa halisikii dawa.

Beringi uliyomwambia ameizungusha, amehisi mchanga. Ataukosaje? Ataihisi changarawe hata kwenye bakuli la maji. Na ule mkono unaosukuma mbao kwenye diski unaruka wenyewe. Mashine ikiwashwa mimi naacha ninachofanya, nasimama jikoni nasikiliza, nasubiri kelele ya mtu.

Nikimwambia mimi, anasema nishike msasa wangu. Wewe anakuamini. Ukisema beringi, ni beringi. Basi sema mkono. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami sitaki tuumbuliwe na diski. Tafadhali, shemeji yangu. Mwambie.

Ni mimi,
Shemeji yako


Jumamosi, 6 Aprili

Shemeji,

Barua yako niliisomea stoo, nimejifungia. Nimejaribu kumwandikia ukweli, na kila nikifika kwenye neno "mkono", naichana karatasi. Unakumbuka Mzee mwishoni, tulivyokuwa tukimlisha uji na kijiko kinagonga meno? Tulisema ni uzee. Kaka alikuwa hawezi kutazama, alikuwa anatoka nje kwenda kuchanja kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Nitamwambiaje mtu yule kwamba zamu yake imefika?

Siwezi kwa sasa. Lakini nimepata njia ya kumwondoa kwenye diski. Barua niliyomwandikia yeye nimeiambatanisha na hii. Namtaka anitumie shafti niipime huku. Bila shafti diski haina pa kukaa, na mashine inakuwa meza ya kawaida. Vidole vyake vitakuwa salama wakati mimi natafuta maneno.

Msumari


Jumapili, 14 Aprili

Msumari,

Shafti hiyo. Nimeifunga kwa shati langu la kazi nikaishona na uzi wa gunia, na dereva nimemwapisha kwamba atailaza kitini karibu naye, asiitupe nyuma na mbao.

Kuitoa ilikuwa shughuli. Nati ilinikatalia, spana ilikuwa inaruka ruka, mafuta yale yanateleza. Shemeji yako alitaka kunisaidia nikamfukuza. Lakini nilipoitoa niliiviringisha juu ya kioo, na nimeiona kwa macho yangu inarukaruka! Nilijua. Tangu mwanzo moyo uliniambia si diski wala mkanda. Unaona sasa faida ya kuwa na ndugu mwenye akili? Wengine hapa walishaanza kunitazama vingine.

Nimemwambia mwenye duka la vitabu asinunue kabati kwingine. Nitamtengenezea jipya, droo zitaingia kama ulimi mdomoni. Mbao zake nimeshazichagua, nimeziegemeza ukutani zikauke vizuri.

Usijiharakishe. Lakini harakisha.

Kaka yako,
Rula


Jumapili, 5 Mei

Shemeji,

Umemwandikia kwamba shafti imepinda. Umemwandikia kwamba nyingine inachongwa. Nilimsikia akicheka peke yake karakana, nikaenda mbio, nikamkuta ameishika barua yako kifuani.

Unajua ulichofanya? Umemnyang'anya mashine ukamwachia tumaini. Ingekuwa heri kinyume chake. Siku lori la mbao linapopita anavaa shati safi, anakwenda kusimama barabarani kwenye vumbi. Dereva amechoka kumwambia hakuna mzigo, siku hizi anapita njia ya nyuma. Na kaka yako anasema lori limeharibika.

Dawa za daktari zimo kabatini, hajazigusa. Anasema, "Kwani mimi naumwa? Mgonjwa yuko kiwandani kwa mdogo wangu." Mwenye duka la vitabu amenunua kabati kwingine, akaja kuniomba mimi nimpelekee habari. Sijampelekea. Nami nimeingia kwenye uongo, tumekuwa wawili tunaomficha mtu mmoja.

Zamani nilikuwa naogopa vidole vyake. Sasa naogopa uso wake siku atakapojua. Sina hasira na wewe, Shemeji. Nakudanganya, ninayo, tena nyingi.

Shemeji yako


Jumamosi, 11 Mei

Shemeji,

Una haki ya kunitukana, na hujatukana vya kutosha.

Shafti iko chini ya kitanda changu, bado imo ndani ya shati lake. Nimeipima kwa vipimo vya kiwanda, haina kosa hata la unywele. Nilitamani iwe imepinda. Siku moja niliibana kwenye jiliwa, nikashika nyundo, nikataka niipinde mwenyewe ili angalau nisiwe mwongo. Nikashindwa hata hilo.

Nimeomba ruhusa nije nimwambie uso kwa uso. Msimamizi amesema hawezi kuniachia mpaka mashine kubwa ifungwe. Nivumilie kidogo. Nikija, nakuja na shafti.

Msumari


Jumapili, 26 Mei

Msumari,

Salamu sina leo.

Nilichoka kungoja kama mgeni kwenye karakana yangu mwenyewe. Nikabeba mbao za kabati nikavuka barabara kwenda kwa Kobe, yule kijana aliyefungua karakana mwaka juzi. Unamkumbuka, mwendo wake wa pole ndio uliompa jina. Ana msumeno wa meza mpya, una rangi yake ya dukani bado. Nikamwomba nipasue mbao mbili tatu. Akasema karibu, fundi, akanipangusia na meza.

Sarafu nilikuwa nayo mfukoni. Anayekata ndiye anayesimamisha. Nikaisimamisha, ikaanguka. Nikamwambia Kobe pole, umeuziwa mbovu, mashine yako ina ugonjwa kama wa yangu. Nikaanza kumweleza habari za shafti, jinsi mdogo wangu fundi mitambo alivyogundua, jinsi nyingine inavyochongwa huko kiwandani. Kobe akasogea mezani. Aliichukua sarafu ya Mzee kwa vidole viwili, akaiweka pale pale ilipoangukia. Ikasimama.

Niliitazama. Kobe akaniuliza jambo, niliona midomo yake, nadhani alitaka kuzima. Nikamwonyesha aache. Diski inazunguka na sarafu imesimama, hata ile nembo iliyofutika naiona. Kisha nikaichukua nikaisimamisha mimi. Ikaanguka chini kwenye vumbi. Kobe aliinama akaiokota, akanitia mkononi, akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. Angecheka ningemshukuru.

Mbao sikupasua. Nilirudi nazo begani.

Sasa nakuuliza jambo moja, unijibu kifundi, usinijibu kindugu. Shafti yangu ilikuwa imepinda?

Rula


Jumamosi, 1 Juni

Kaka,

Haikupinda.

Ni nzima kama siku Mzee alipoinunua. Nilikudanganya, na hakuna shafti nyingine iliyochongwa wala itakayochongwa. Shemeji usimguse, yeye tangu mwanzo alinitaka niseme kweli na amenikasirikia nilipokwepa. Nilisoma habari ya ukucha wako nikaona diski inapita kwenye vidole vilivyonifundisha kushika penseli. Nikasema acha nimwondolee mashine kwanza, ukweli utafuata. Nikawa naungoja ukweli uje wenyewe kama vile una miguu.

Naogopa, kaka. Nilimwogopa Mzee na kile kijiko, na sasa naogopa kwa ajili yako, na kwa ajili yangu pia, sitakuficha. Kila asubuhi kabla wenzangu hawajafika nawasha msumeno wa kiwandani, nasimamisha sarafu. Inasimama. Nashukuru, halafu nakukumbuka wewe, naona aibu ya kushukuru.

Zile dawa meza. Hazitakurudishia mkono, daktari amesema hivyo, nami sitaongeza langu. Lakini meza.

Shafti nimempa dereva pamoja na barua hii. Imo ndani ya shati lako, sikulifua. Ruhusa bado sijapata. Nitukane unavyotaka, ila niandikie.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Juni

Msumari,

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa shemeji yako. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipambe wala asipunguze, hata nikimsema yeye.

Barua yako niliisoma nikaiweka mfukoni, nikafagia karakana yote, mpaka chini ya makabati ambako Mzee mwenyewe hakuwahi kufika. Nilikuwa na hasira ya kuua mtu. Ugonjwa haukuniuma kama lile neno lako "inachongwa". Nilikuwa nalala nalo! Mtu mzima, na shati safi, nimesimama barabarani nasubiri kitu ambacho hakipo, na wewe unajua, na huyu anayeandika hapa anajua. Amesita kidogo. Andika, mama, si ndiyo kweli?

Lakini mngeniambia siku ile, ningewaambia sisikii. Daktari nilimsikia, Msumari. Nilimsikia mara ya kwanza, neno kwa neno.

Dawa nameza. Asubuhi zinanishika kidogo, kufika adhuhuri zimechoka kama mimi. Mwenye duka la vitabu alishanunua kabati, nalo nimeambiwa juzi. Nimekuwa mtu wa kuambiwa mambo juzi. Mbao zake ziko bado ukutani, zimekauka vizuri sana.

Shafti ilifika. Nilikaa juu ya ndoo nikaelekeza, shemeji yako akaifunga. Nati alikaza yeye. Tukawasha, nikamwambia asimamishe sarafu. Ikasimama. Nikamwambia sheria ni sheria, aliyesimamisha ndiye anayekata, basi kata. Alichukua mbao, akaisogeza mpaka karibu na diski, akazima mashine. Akasema hawezi kusimama mahali pangu huku mimi nimekaa namtazama. Sikumlazimisha. Nami nisingeweza kutazama.

Nimempa Kobe mashine. Alikuja na mkokoteni na watu wawili, akaishika kama anabeba mgonjwa. Nilimwambia asiifungue kutafuta kosa, haina kosa. Sasa pale ilipokuwa kuna alama nne za miguu sakafuni na ile kabari uliyoniagiza. Nikiingia naizunguka kana kwamba bado ipo. Sina ninachokwenda kufanya humo, ila mahali pengine pa kwenda asubuhi sina.

Ruhusa ukipata, njoo. Usipopata, usijisumbue, hakuna cha kutengeneza huku.

Sarafu sikumpa Kobe. Imo humu ndani ya bahasha, nimeiviringishia karatasi isitoboe. Unasema kila asubuhi unapima. Pima na hii, ni ya nyumbani. Huenda ikakusimamia mpaka uzeeni, daktari hakutuambia lolote kuhusu wewe, na mimi naomba iwe hivyo kila ninapomeza dawa. Lakini siku ikikuangukia, mdogo wangu, usianze kufungua mashine.

Kaka yako,
Rula